Nimepewa ufadhili wa kusomea ualimu wa udaktari. Kituo nimwachie nani?

Asalaam alaykum Mwalimu,

Mimi ni daktari katika kituo kimoja cha afya huku Kaskazini Pemba, wilaya ya Micheweni. Nina miaka 34, nimeolewa na nina watoto wawili. Udaktari nimeusomea hapa hapa Zanzibar, mafunzo ya vitendo nikayafanya hospitali ya Mnazi Mmoja, na nilipopangiwa Pemba nilifurahi kwa sababu ndiko nilikozaliwa. Wagonjwa wangu wengi nawajua mpaka kwa majina ya baba zao. Wazee wa presha na sukari huja kila mwezi, wajawazito wana siku zao, watoto wa homa na kuharisha hawana siku, na msimu wa karafuu hawakosekani walioanguka mikarafuuni.

Kituoni kwetu huletwa wanafunzi wa fildi: wauguzi, matabibu, na mara moja moja wa udaktari. Hakuna aliyenipa kazi ya kuwafundisha, ila siwezi kumwona kijana amesimama ukutani na kalamu yake nikampita. Humkalisha, nikamwachia mgonjwa mmoja, kisha tukazungumza. Wengine wakirudi chuoni hunipigia simu kuniuliza mambo. Nadhani habari zilifika juu, kwa sababu mwezi uliopita wakubwa wangu waliniita wakaniambia iko nafasi ya ufadhili wa serikali: nikasome Dar es Salaam kwa miaka mitatu ubingwa wa udaktari wa familia, ule wa kutibu watu wa rika zote na maradhi yao ya kawaida, pamoja na kozi ya mbinu za kufundisha, kisha nirudi niwe mwalimu wa wanafunzi wa udaktari katika huduma za afya ya msingi. Nimepewa mkataba niusome. Unasema nitalitumikia taifa kwa muda maalumu baada ya masomo, na nikiacha kabla ya muda huo nitarejesha gharama. Jibu linatakiwa mwisho wa mwezi.

Mwalimu, ningekuwa peke yangu ningeshatia saini. Lakini kila ninayemwambia ananipa neno lake. Daktari mmoja mkubwa kwangu kwa umri na kwa cheo, ninayemheshimu sana, aliniambia waziwazi: "Anayefundisha ni aliyechoka kutibu. Wewe hujachoka." Wenzangu niliosoma nao wanasema kama ni kusoma ubingwa basi nichague upasuaji au magonjwa ya wanawake, kwani bingwa wa upasuaji jioni ana pa kwenda kutafuta riziki ya ziada, daktari wa familia hana. Mwengine alinitumia kwenye simu tangazo la serikali ya Marekani, kwamba wanatoa ruzuku kuwasomesha madaktari wa afya ya msingi wawe walimu, akasema niombe huko, hakuna mkataba wa kunifunga.

Mume wangu ni mwalimu wa skuli. Hajanikataza. Amesema tu, "Utakaloamua nitalibeba," na mimi naona uzito kwenye uso wake. Mama yangu ana sukari, miguu imeanza kumsumbua, na mimi ndiye ninayemwangalia. Na kituo je? Nikiondoka sijui ataletwa nani, wala kama ataletwa mtu. Bibi mmoja wa presha aliposikia alinishika mkono akaniuliza, "Mwanangu, nasi unatuacha?" Nilikosa jibu.

Nitie saini au nisitie?

Daktari wa Micheweni

*

Wa alaykum salaam, mwanangu.

Nianze na tangazo la Marekani, kwa sababu hilo halina mjadala mrefu. Ruzuku hizo ni za kweli. Hutolewa na serikali ya nchi ile kupitia wakala wa wizara yao ya afya unaoitwa HRSA, chini ya Kifungu cha 747 cha Sheria ya Huduma za Afya ya Umma. Lakini daktari hapewi mkononi. Wanaoomba ni taasisi za huko, vyuo vya udaktari na hospitali za kufundishia, na anayesomeshwa kwa fedha hizo anatakiwa awe raia au mkaazi wa kudumu wa Marekani. Mwenzako alikutakia kheri, ila mlango huo si wako. Na akitokea mtu wa kukwambia anaweza kukuombea kwa malipo kidogo, usimtumie hata shilingi moja.

Hata hivyo usilifute tangazo lile kabla ya kulifikiria. Jiulize kwa nini nchi yenye vyuo vingi vya udaktari kiasi kile iwe na haja ya kutenga fedha za serikali ili daktari wa kawaida afundishwe kufundisha. Udaktari wa familia huko ulitambuliwa kuwa ubingwa mwaka 1969, na walipoutambua wakakuta hawana walimu wake. Vyuoni walikuwamo mabingwa wa hospitali kubwa. Wale wanaojua kazi ya kliniki ya mtaani walikuwa huko huko mitaani wakitibu. Katika miaka ya 1970 Bunge lao likaanza kutoa fedha za kuwasomesha madaktari wa familia, na baadaye za kuwatayarisha walimu wao. Kikubwa kinachonunuliwa na fedha hizo ni muda. Daktari anapunguziwa kliniki, kwa siku kadhaa za wiki au hata kwa mwaka, ili ajifunze kuongoza mwanafunzi mbele ya mgonjwa, kumpima bila kumwonea, kupanga mtaala, na kufanya utafiti mdogo unaotoka kwa wagonjwa wake mwenyewe. Walishaona kwamba ukimwambia daktari afundishe bila kumpunguzia wagonjwa, kimoja kati ya viwili kitakufa, na kinachokufa kwanza ni kufundisha.

Hilo la muda lishike, maana ndilo nitakalolitafuta kwenye mkataba wako.

Sasa maneno ya mkubwa wako. Namheshimu bila kumjua, na sikubaliani naye hata kidogo. Pengine anazungumzia ualimu alioujua yeye: wa kuondoka wodini ukaingia darasani na usirudi. Wewe hukuitiwa huo. Umeitiwa ualimu ambao ukiacha kutibu huwezi kuufanya, kwa sababu darasa lake ni mgonjwa wa asubuhi ile.

Na huyo mgonjwa wa kituoni si sawa na wa wodini. Mwanafunzi akienda hospitali kubwa, mgonjwa anayemkuta kitandani ameshachujwa: ameshaonwa, ameshapimwa, faili lina jina la maradhi. Kituoni kwako mtu anaingia na "mwili hauna raha" tu. Inaweza ikawa sukari, inaweza ikawa mimba, inaweza ikawa mtoto wake yuko safarini na hajapiga simu. Kuchambua hapo ni ujuzi mzima, na kijana hawezi kuupata Mnazi Mmoja hata akae miaka. Kama hakuna mwalimu aliyekaa pale unapokaa wewe, tutaendelea kutoa madaktari wanaojua kutibu wagonjwa waliochujwa, kisha tukawapeleka vituo vya huku Pemba kama Konde na Tumbe tukashangaa wanapotaka kuondoka baada ya mwaka.

Chukua mtoto wa homa. Kwa miaka mingi sasa maambukizi ya malaria Zanzibar yako chini ya asilimia 1, lakini kwa wanafunzi wengi homa bado ni malaria, kwa sababu ndivyo walivyosikia nyumbani na ndivyo kitabu kinavyoanza. Mmoja wao analeta mtoto wa mwaka mmoja na nusu, anakwambia, "Daktari, ana malaria, tumpime." Kipimo kinatoka hakina kitu. Kijana anabaki amesimama. Hapo ndipo ualimu unapoanza, na una dakika tano tu maana foleni iko nje.

Iko njia iliyoandikwa mwaka 1992 na walimu wa udaktari wa familia wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, kwa ajili ya mwalimu mwenye foleni kama wewe. Kwanza mlazimishe atoe rai yake mwenyewe: "Wewe unadhani ana nini?" Usimpe jibu, hata akinyamaza. Akisema, muulize amelitoa wapi: "Kwa nini unadhani hivyo? Umeona nini?" Hapo utajua kama amemwangalia mtoto au amebahatisha. Atakwambia mtoto anakohoa. Umemhesabu pumzi? Hajamhesabu. Mwache ahesabu dakika nzima, kifua wazi, mtoto ametulia kwa mama yake. Kisha mpe kanuni moja, moja tu, atakayoondoka nayo: mtoto wa umri huo mwenye kikohozi, akivuta pumzi mara 40 au zaidi kwa dakika, tunamfikiria nimonia, wa chini ya mwaka mmoja na zaidi ya miezi miwili, 50. Halafu mwambie alichokifanya vizuri, ukikitaja chenyewe: "Umefanya vyema kumuuliza mama kama mtoto ananyonya." Si "hodari" tu, kwa sababu hodari haimfundishi arudie nini. Mwisho msahihishe alipokosea, kwa upole lakini bila kumficha, na si mbele ya mama wa mtoto ikiwa linaweza kungoja.

Najua mengi ya haya unayafanya tayari kwa silika. Ndiyo maana wakubwa zako wamepata habari zako. Lakini silika haitoshi utakapopewa vijana 10 badala ya wawili, wengine wavivu, mmoja mwerevu kuliko wewe, na mwengine ambaye kwa dhamiri yako hafai kupita na baba yake ni mtu mkubwa. Kwa huyo wa mwisho utahitaji kujua jinsi ya kupima kwa vigezo vilivyoandikwa, ukaweza kulisimamia neno lako. Hayo yanafundishwa. Kozi ya mbinu za kufundisha iliyo kwenye barua yako usiichukulie kama nyongeza ya ubingwa. Uliza ni ya muda gani, nani anaifundisha, na kama utafundisha huku mtu mwenye uzoefu anakuangalia. Kama ni semina ya siku tatu na cheti, waambie kwa heshima kwamba haitoshi.

Na usidhani unaingia kwenye fani ya wageni. Mwaka 1978 dunia ilikutana mjini Alma-Ata, Kazakhstan ya leo, ikatamka kwamba afya ya msingi ndiyo njia. Chuo Kikuu cha Aga Khan kilianza kusomesha mabingwa wa udaktari wa familia Dar es Salaam mwaka 2004. Na hapa kwetu, madaktari wa mwanzo waliosomeshwa Zanzibar walifundishwa na walimu kutoka Chuo Kikuu cha Matanzas, Cuba, nchi ambayo tangu 1984 imekuwa ikiweka daktari na muuguzi wa familia ndani ya mitaa. Walimu wale walivuka bahari kuja kutufundishia vijana. Nawashukuru kutoka moyoni. Lakini haiwezekani kila kizazi kifundishwe na mgeni anayehitaji mkalimani kumwelewa bibi wa Micheweni.

Nije kwenye karatasi yako, na hapa nitakaa kidogo.

Katika Jamhuri yetu elimu ya juu ni jambo la Muungano, afya si jambo la Muungano. Vyuo vikuu, pamoja na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA), viko chini ya usimamizi wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Kituo chako kiko chini ya Wizara ya Afya Zanzibar. Kwa mwananchi hilo halina uzito. Kwa daktari mwalimu lina uzito mkubwa, kwa sababu utakaporudi utakuwa unatazamwa na wakubwa wawili. Ukihamishiwa chuoni ukawa mhadhiri, utapanda kwa machapisho na vipindi, na wagonjwa wako watakuwa hiari yako. Ukibaki mwajiriwa wa Wizara, utapanda kwa utaratibu wa Wizara, na kufundisha kutakuwa fadhila yako, baada ya foleni, bila malipo wala kuhesabiwa. Nimeona watu wazuri wakikwama katikati hapo: chuo kinawaona ni watu wa hospitali, hospitali inawaona ni watu wa chuo, na fomu ya kupandishwa cheo inazunguka.

Kwa hiyo swali lako la kwanza kwa wakubwa zako, tena kwa maandishi, ni hili: nikirudi, ajira yangu itakuwa wapi, na ni siku ngapi za wiki zimetengwa kwa kufundisha? Mimi kwa maoni yangu ubaki Wizarani, ukae kituoni Pemba, na chuo kikutambue kwa barua kama mwalimu wake wa vitendo, siku mbili za wiki zikiwa za wanafunzi na daktari mwengine akishika foleni siku hizo. Si lazima wakubali namba hiyo. Lakini lazima iwepo namba. Mkataba unaokufunga miaka ya kutumikia na hautaji hata saa moja ya kufundisha haukusomeshi uwe mwalimu. Unakusomesha uwe bingwa ambaye pia ataombwa afundishe.

Swali la pili ni fedha zenyewe. Soma kama unachopewa kitarejeshwa au hakirejeshwi hata ukimaliza utumishi wako. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar hutoa mikopo, na mkopo hulipwa. Ufadhili wa mwajiri kwa kawaida hulipwa kwa utumishi. Iko pia fedha iliyopitia vyuo, kama ule mradi wa HEET wa dola milioni 425 kutoka Benki ya Dunia, ulioidhinishwa 2021, ambao ndani yake mna kusomesha wahadhiri, na SUZA imo. Lakini wewe ni mtumishi wa Wizara, hivyo usije ukaambiwa "fedha ipo" kumbe ipo kwa walioajiriwa chuoni. Waulize inatoka mfuko gani na imeshaidhinishwa kwa miaka mingapi. Kisha uliza kimoja kimoja: ada, usajili, gharama za utafiti na tasnifu, bima, pango la Dar es Salaam, nauli. Tasnifu wengi huisahau. Mwaka wa mwisho ndio unaomaliza akiba ya mtu. Mshahara unaendelea kamili ukiwa masomoni? Posho za kituoni zinakatwa? Piga hesabu hiyo na mume wako, na kalamu mkononi, kabla ya kuzungumza jengine lolote.

Halafu vifungu ambavyo watu hawavisomi mpaka vimewapata. Ukishika mimba masomoni, mwaka unasimama au unahesabiwa umeshindwa? Ukiugua? Ukirudia mtihani mmoja, nani analipa? Gharama za kurejesha ni zote, au zinapungua kwa kila mwaka uliotumikia? Wakikupangia kazi isiyo ya kufundisha, kifungo kinabaki? Kwa hili la mwisho mimi ningeomba sentensi iongezwe. Wewe hutaki kukimbia mkataba, hilo nalisoma kwenye barua yako, lakini mkataba uwafunge na wao wakutumie kwa kazi waliyokusomeshea. Mtafute mtu wa sheria au mtu wa utumishi unayemwamini akusomee.

Wenzako wa upasuaji wamesema kweli kuhusu riziki, na sitakupaka rangi. Daktari wa familia katika kituo cha serikali Pemba hana kliniki ya jioni ya kumfanya ajenge haraka. Kama nyumbani kuna deni, au mnajenga, au kuna ndugu wa kusomesha, hilo ni jambo halali la kulitia kwenye mizani na hakuna haja ya kulionea haya. Lakini usiende upasuaji kwa sababu ya jioni tu. Barua yako nzima hukunitajia hata mara moja kwamba unapenda chumba cha upasuaji. Umenitajia majina ya baba za wagonjwa.

Mama yako. Hili limeniuma kulisoma, kwani sukari ikifika miguuni haisubiri mtu amalize masomo. Mtu wa kuangalia miguu yake kila siku, kumkagua vidole, kumzuia asitembee pekupeku, si lazima awe daktari. Anaweza kuwa mdogo wako, wifi yako, mjukuu mwenye subira. Mfundishe mtu huyo kuanzia wiki hii na umwone akifanya mbele yako. Waite ndugu zako mkae kitako, kila mmoja aseme atachukua nini, kwa sababu mtoto wa kike aliye daktari hubebeshwa kila kitu na wengine wakaona ndivyo ilivyoandikwa. Kama mtakaa na ikaonekana hakuna mtu, kweli hakuna, basi omba nafasi yako isogezwe mpaka mwaka unaofuata na ueleze sababu. Kuomba kusogezewa si kukataa. Wakikunyima, angalau umejua.

Mume wako amekupa neno zuri, lakini "nitalibeba" si mpango. Muulize atabeba nini hasa. Watoto wanabaki naye Pemba au wanakwenda nawe Dar? Wakibaki, nani anawapokea skuli yeye akiwa kazini? Wakienda, anaweza kuomba uhamisho? Mtakutana mara ngapi kwa mwaka, na nauli ya boti na ya bara iko kwenye fungu la nani? Mwanamme akiulizwa mambo ya hivi hupumua, kwa sababu sasa ana kitu cha kushika. Uzito ulioona usoni pake huenda ni wa kutojua, si wa kutotaka.

Nimekiacha kituo nyuma kwa makusudi, kwa kuwa ndicho kilichokunyima usingizi. Pemba ina watu zaidi ya 540,000 kwa sensa ya 2022, na kila kituo kinachopoteza daktari kinaumia kweli. Sitakwambia miaka mitatu ni michache. Kwa bibi wa presha miaka mitatu ni mingi. Basi lifanye kuwa sharti lako: kabla hujaondoka, Daktari Dhamana wa Wilaya aseme nani anakuja, na awe ameshakaa nawe angalau wiki kadhaa. Usimkabidhi funguo na stoo peke yake. Mkabidhi daftari la wagonjwa wa sukari na presha mmoja mmoja, na nani hasomi maandishi ya kwenye kopo la dawa, nani hupotea msimu wa karafuu, nani mumewe hamruhusu kuja peke yake. Wakabidhi pia wahudumu wa kujitolea wa jamii, maana wao ndio watakaobisha hodi kwa bibi yule asipoonekana. Na omba utafiti wako wa tasnifu ufanyike Micheweni, kwa wagonjwa hao hao. Utarudi mara kwa mara kwa kazi halali, na kituo kitapata kitu kutokana na kusoma kwako hata kabla hujamaliza.

Bibi yule mjibu. Mwambie unakwenda kusoma ili urudi na vijana wengine, na mtajie jina la atakayempima presha mwezi ujao. Kama huna jina la kumtajia, hujawa tayari kuondoka, na wakubwa zako hawajawa tayari kukupeleka.

Jibu langu, basi: tia saini, ikiwa wataandika mahali utakapofanya kazi ukirudi, muda wa kufundisha, na mtu wa kushika kituo. Wakikupa viwili na cha tatu wakakiahidi kwa mdomo, kiombe kwa barua na subiri. Wakikataa muda wa kufundisha, usitie. Baki ulipo, endelea kuwakalisha vijana unaowakuta ukutani, na nafasi nyengine ikija utakuwa unajua cha kuuliza.

Barua iandike leo, kwa Afisa Mdhamini wa Wizara huko Pemba, nakala kwa Daktari Dhamana wa Wilaya, ukurasa mmoja usizidi. Maswali yote uyatie namba ili wakujibu kwa namba. Waombe wakujibu siku saba kabla ya mwisho wa mwezi. Wakijibu, nitumie mimi majibu na mkataba wenyewe, ukiwa umeziba jina lako na jina la kituo, niusome kabla hujashika kalamu.

Mwalimu wako